Kazualti haijai mlangoni

Mtu akiskia nafanya utafiti kuhusu msongamano wa kazualti, pale hospitali inapopokea wagonjwa wa dharura, jibu huwa analo tayari. Waongeze madaktari. Mwingine atasema wajenge kazualti kubwa, na wa tatu, huyu kawaida ni mtu wa bima nzuri ambaye hajawahi kulala kwa benchi ya hospitali, ataniambia shida ni wananchi wenyewe, ati wanakimbilia hospitali kubwa na mafua na dispensari iko hapo tu kijijini. Hii ya tatu ndio inanichosha. Nimeiskia kwa teksi, nimeiskia kwa harusi, nimeiskia kwa matanga Siaya sahani ya chakula ikiwa mkononi, na mara nyingi zaidi nimeiskia kwa mikutano ya hospitali ikisemwa na watu wenye walipaswa kujua.

Mimi ni daktari wa dharura. Mamangu hajakubali bado kwamba hiyo ni kazi kamili. "Daktari wa nini?" anauliza, nikisema dharura anasema, "Ni kazualti? Si hapo ndio wanaweka wale wadogo wa kujifunza?" Na si ati amekosea, kwa miaka mingi kazualti zetu zimebebwa na maklinikali ofisa na maintani, na bingwa anapigiwa simu akiwa kwake. Fani yenyewe ni changa huku kwetu. Muhimbili kule Dar walifungua idara yao kamili ya dharura mwaka 2010, na lile shirikisho la Afrika la watu wa fani hii, AFEM, liliundwa 2009, yaani ni juzi. Mimi nilienda kusomea Cape Town, nikarudi Kisumu, na sasa wiki yangu imegawanyika, siku zingine naona wagonjwa, siku zingine nafundisha na kuhesabu watu.

Kuhesabu watu ndio utafiti wenyewe, usidhani kuna kitu cha ajabu. Unakaa karibu na mlango na daftari (tulipewa tableti, lakini daftari haliishi chaji) unaandika mgonjwa ameingia saa ngapi, ameonwa saa ngapi, ametumwa eksirei saa ngapi, damu imerudi maabara saa ngapi, daktari ameamua alazwe saa ngapi, na mwisho kabisa mtu ametoka kazualti saa ngapi. Inaboesha vibaya sana. Askari wa getini kwa muda mrefu alidhani mimi ni mpelelezi nimetumwa kuchunguza wizi wa dawa, akawa ananisalimia kwa heshima isiyo ya kawaida. Hospitali sitaitaja, ni moja ya zile kubwa za rufaa huku magharibi, na ukweli ni kwamba ungebadilisha jina ukaweka ingine yoyote hadithi isingebadilika sana.

Sasa, kwa hizo safu zote za daftari, ile iliyonikosesha usingizi si ya kuingia. Ni ile kati ya "alazwe" na "ametoka".

Niende nyuma kidogo. Mwaka 2003 Brent Asplin na wenzake kule Marekani walichapisha mchoro rahisi wa msongamano wa kazualti, sehemu tatu tu: wanaoingia, yanayofanyika ndani, na wanaotoka. Ukiuangalia unasema hii hata mwenye kibanda cha chipsi anaijua, lakini mabishano mengi ya hospitali yalikuwa (na bado yako) kwa ile sehemu ya kwanza, ya mlangoni, kwa sababu huko ndiko kuna mtu wa kulaumiwa asiye mfanyakazi mwenzako. Alafu mwaka 2007 Michael Schull na wenzake wakaangalia kazualti za Ontario, Kanada, wakauliza swali la yule mtu wa bima nzuri: hawa wenye magonjwa madogo wanachelewesha wagonjwa wa maana kiasi gani? Jibu lilikuwa, kila wagonjwa 10 wa shida ndogo wakiongezeka kwa muda wa masaa 8, wale wengine wanachelewa kwa wastani wa dakika 5.4. Dakika tano na kitu. Mtu wa mafua hahitaji kitanda, hahitaji oksijeni, anakaa kwa benchi, anaonwa, anaandikiwa, anaenda. Ni kweli Ontario si Kisumu, huku kwetu msimu wa malaria ukifika benchi za watoto zinajaa mpaka nje chini ya mti na wengi wao si mafua, lakini muundo wa jambo ni ule ule.

Kuna hesabu ya foleni ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961 na ni fupi mpaka unaona aibu kuiita hesabu. Watu walio ndani ni sawa na wanaoingia kwa saa, mara masaa ambayo kila mmoja anakaa. Imeisha. Chukua mfano tu, kazualti inapokea watu 6 kwa saa. Watano wanatibiwa na kurudi nyumbani, kila mtu akikaa masaa 3, hao ni watu 15 ndani saa yoyote ukichungulia. Yule wa sita analazwa ila wodi hakuna kitanda, anangoja masaa 20. Mtu mmoja kwa saa mara masaa 20, hao ni 20. Kwa hivyo huyo mmoja anajaza nafasi kuliko wale watano wakiwekwa pamoja, na hata ukiwafukuza nusu ya wale watano hapo mlangoni na kuwatukana juu yake, stretcha zitabaki zimejaa vile vile. Na ukijenga kazualti mpya ya vitanda 20 bila kugusa hayo masaa, umejenga wodi isiyo na wauguzi wa wodi na umeiandika kazualti kwa bango. Ni kama jam ya Kondele hapa Kisumu wakati wa jioni, kumpigia honi aliye nyuma yako hakusaidii kitu, aliyesimama ni wa mbele.

Hii hesabu nimeichora kwa ubao wa mikutano, kwa nyuma ya risiti, mara moja kwa mkono wa intani kwa kalamu. Wanaielewa wote. Kuielewa si shida.

Wacha nieleze huyo wa sita ni nani, kwa sababu kwa hesabu anakaa kama namba. Mzee wa kutoka upande wa Ahero, amekuja na nimonia, anapumua kama mtu amekimbizwa, binti yake amemshika mkono wa dripu asijivute. Tunamwona haraka, hapo sina lawama. Oksijeni, dawa ya kwanza ya mshipa, eksirei, simu kwa daktari wa wodi, "ndio, alazwe." Fomu inajazwa. Na kuanzia hiyo dakika mzee anakuwa mgonjwa wa hakuna mtu. Muuguzi wa kazualti anaona faili imeandikwa "wodi" kwa hivyo macho yake yako kwa huyu kijana wa boda ameletwa sasa hivi mguu ukiwa umegeuka upande. Daktari wa wodi hajamwona kwa sababu raundi yake inafanyika wodini na mzee hayuko wodini. Dawa ya pili ilikuwa ya usiku. Binti anamwuliza sista, sista anasema ngoja, naita daktari, daktari ni intani ambaye tangu asubuhi hajakula, na anaamini kabisa kwamba dawa imeshapewa kwa sababu imeandikwa. Hakuna mtu mbaya kwa hii hadithi. Ukiuliza, "Huyu mgonjwa ni wa nani?" utapata majibu mawili ya heshima, kila moja likielekeza kidole kwingine.

"Daktari, baba amelazwa ama hajalazwa?" yule binti aliniuliza. Nilimwambia amelazwa. Akaangalia ile korido, akaangalia stretcha, akanyamaza kwa adabu vile watu hunyamaza wakiwa mbele ya daktari mwenye wanamhitaji.

Hapo ndipo ubora wa huduma unavuja, na watu wameupima. Jesse Pines, daktari wa dharura na mtafiti aliyekuwa Philadelphia wakati huo, alifuatilia hiki kitu na wenzake: mwaka 2007 walionyesha kwamba kazualti ikifurika wagonjwa wa nimonia wanachelewa kupata antibayotiki, na mwaka uliofuata wakaonyesha watu wenye maumivu makali wanachelewa kupewa dawa ya maumivu ama hawapewi kabisa. Hii ya maumivu ndiyo naipenda (kama neno ni kupenda), kwa sababu dawa ya maumivu haihitaji bingwa wala mashine, inahitaji tu mtu mmoja awe na nafasi ya kusimama mbele yako dakika mbili. Canberra, Australia, mwaka 2006, Drew Richardson alilinganisha wagonjwa waliofika shifti zilizofurika na wale wa shifti za kawaida, na vifo ndani ya siku 10 vilikuwa juu kwa karibu theluthi moja kwa wale wa kwanza. Na Uingereza mwaka 2022 wakachapisha uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya milioni 5 waliolazwa kupitia kazualti, wakapata kwamba kila wagonjwa 82 wakicheleweshwa kupita masaa 6 hadi 8 tangu wafike, kuna kifo kimoja cha ziada ndani ya siku 30. 82. Kuna hospitali ukihesabu korido kwa wiki moja unaipita hiyo namba, na hakuna mtu ataandikiwa kwa cheti kwamba amekufa kwa kungoja kitanda. Ataandikiwa nimonia.

Nafikiri ndio maana watu hawaoni. Mwaka 2015 kulikuwa na yule mtu wa Nairobi aliyekaa ndani ya ambulensi masaa 18 akizungushwa kutafuta ICU, akafa, nchi nzima ikashtuka, na ilistahili kushtuka, hasa ukikumbuka Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Lakini ambulensi inaonekana, ina king'ora. Mzee wa Ahero hajanyimwa kitu, kwa karatasi amelazwa.

Sasa ukitaka kuharibu mambo zaidi, weka shabaha halafu usiguse wodi. Waingereza waliweka sheria ya masaa 4, kwamba asilimia 98 ya watu wawe wametoka kazualti ndani ya muda huo kufikia 2004, baadaye 2010 wakashusha hadi 95. Ilisaidia, nisidanganye, hospitali nzima ililazimika kujali mlango wa kazualti. Lakini ukichora grafu ya saa za kutoka unapata mlima mrefu hapo dakika za mwisho mwisho kabla ya masaa manne kutimia, na mtu yeyote amewahi kufanya kazi anajua huo mlima maana yake nini: watu wanasukumwa nje ili saa isipite. Marekani nao walipima hospitali kwa kuuliza kama mgonjwa wa nimonia amepata antibayotiki ndani ya masaa 4. Si ni kitu kizuri? Madaktari wakaanza kumwagia antibayotiki kila mtu anayekohoa, ili saa isiwashinde, kisha wakaongeza muda hadi masaa 6, na baadaye wakaiacha kabisa. Huku kwetu hatuhitaji hata shabaha ya taifa. Nimeona fomu ambazo saa ya mgonjwa kuonwa imejazwa na saa ya kuingia kwa kalamu ile ile, mwandiko ule ule, dakika zikipishana tano tano kama shairi.

Nisije nikaeleweka vibaya, ati mlango hauna maana. Una maana sana kwa swali la nani aonwe kwanza. Blantyre, Malawi, kina Elizabeth Molyneux walipanga upya mapokezi ya watoto wagonjwa, wakaweka triaji (kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali yao) na matibabu ya haraka hapo mbele badala ya foleni ya nani-alifika-kwanza, na vifo vya watoto waliolazwa vikashuka kutoka kati ya asilimia 10 na 18 hadi kati ya 6 na 8. Ile rangi ya triaji tunayotumia nilifundishwa Cape Town ilikozaliwa, nyekundu sasa hivi, chungwa ndani ya dakika 10, manjano ndani ya saa moja, kijani masaa manne, na inafanya kazi. Lakini triaji inapanga foleni, haiipunguzi. Ukiwa na rangi nyekundu na stretcha zote zina watu wa wodi, utafanya nini na hiyo rangi?

Twende wodini basi. Wodi imejaa kwa nini?

Kuna jibu rahisi, vitanda ni vichache, na ni kweli. Waingereza wengine, kina Bagust, mwaka 1999 walionyesha kwa hesabu kwamba hospitali ikishapita asilimia 85 ya vitanda kuwa na watu hatari inaanza, na ikipita 90 kukosa kitanda kunakuwa mambo ya kila mara. Sisi tuna wodi zenye kitanda kimoja kina watu wawili, mmoja kichwa huku mwingine kichwa kule, sijui hiyo ni asilimia ngapi. Ila vitanda vichache havielezi kila kitu, kwa sababu ukipanda juu saa nne asubuhi ukauliza kila aliyelala, "Wewe unangoja nini?", hautapata ugonjwa kila mahali. Huyu amepona, anangoja raundi kubwa ya konsultanti, ambayo ni Alhamisi, na leo ni Jumatatu. Huyu ameruhusiwa tangu jana anangoja dawa za kwenda nazo. Huyu anangoja mfumo wa bima urudi hewani. Huyu mama wa kona ile ameruhusiwa zamani, hata dripu ilitolewa, ila bili haijalipwa, na familia inafanya harambee ya simu.

Huyo wa kona hautampata kwa mchoro wa Asplin, hiyo ni yetu sisi. Mahakama Kuu ilishasema mwaka 2015, kwa kesi ya kina mama waliozuiliwa hospitali Nairobi baada ya kujifungua, kwamba kumfungia mgonjwa kwa sababu ya bili ni kuvunja haki zake. Wanasheria wanaiongea kama haki, na ni haki. Mimi naongeza kitu kidogo cha uhasibu: kila usiku anaolala pale mtu aliyepona, bili inapanda, nafasi ya kulipwa inashuka, na kule chini mzee wa nimonia analala kwa korido. Hospitali inapoteza pesa na mgonjwa kwa kitanda kimoja. Sheria ya bima ya afya ya 2023 iliyoleta SHA, mamlaka ya serikali ya bima ya afya, iliweka mfuko maalum wa dharura na magonjwa sugu, na kwa karatasi hiyo inapaswa kupunguza haya mambo. Kwa karatasi.

Alafu kuna upasuaji wa kupangwa. Eugene Litvak wa kule Boston amesema kwa miaka mingi jambo ambalo linashangaza kila mtu akiliskia mara ya kwanza, kwamba kinachoyumbisha vitanda si dharura, dharura zinatabirika kuliko unavyodhani, ni ratiba ya upasuaji wa kupanga ambayo inarundikwa siku ambazo madaktari wanazipenda. Mwenzangu wa Nakuru, ambaye anapokea majeruhi wa barabara ile ya Salgaa na Sachangwan, alicheka nilipomwambia. Akasema Jumapili jioni ndio huwa anakosa vitanda kuliko usiku wa ajali. Jumapili wanaingizwa wa tieta ya Jumatatu.

Na hapo kwa ajali ndipo hoja yangu yote imelala. Usiku ambao basi limepinduka, usiku wenye king'ora, mkurugenzi anakuja na slipa, daktari wa wodi anashuka mwenyewe kutafuta wagonjwa wake, mhasibu anapigiwa simu nyumbani, wauguzi wanapita kitanda kwa kitanda wakiuliza nani anaweza kwenda. Ndani ya masaa mawili vitanda vinapatikana. Vile vile ambavyo saa kumi jioni havikuwepo! Nimeona hii zaidi ya mara moja na kila mara inanikasirisha na kunifurahisha kwa pamoja. Sasa kama vinapatikana kwa watu 30 wa basi, mbona havipatikani kwa watu 30 waliofika mmoja mmoja tangu Jumanne?

Kwa hivyo nilienda kwa mkutano na pendekezo la kukopa. Hospitali ya Stony Brook, New York, Peter Viccellio na wenzake walianza zamani kitu rahisi: kazualti ikijaa kupita kiasi, mgonjwa aliyeshalazwa apandishwe akalale kwa korido ya wodi, mmoja mmoja kila wodi, badala ya wote kurundikana korido moja chini. Wagonjwa wenyewe walipoulizwa wengi walisema afadhali korido ya juu. Na mara nyingi mtu akifika juu, kitanda hupatikana haraka, kwa sababu sasa anaonekana na wale wanaoweza kukitoa.

Matroni wa wodi ya wanaume aliniangalia muda mrefu. "Daktari," akasema, "unataka kuhamisha shida yako uilete kwangu." Nikamwambia, hapana matroni, nataka tugawane, kwa sababu sasa hivi naibeba peke yangu na si shida yangu peke yangu. Watu wakacheka. Hakucheka. Aliuliza swali moja ambalo lilikuwa zuri kuliko yote yaliyosemwa siku hiyo: huyo mgonjwa wa korido akizidiwa usiku, muuguzi wangu mmoja mwenye wagonjwa 40 atamwacha nani? Sikuwa na jibu zuri. Nikasema kazualti muuguzi huyo huyo mmoja ana wa korido wote, na wanaofika, na simu. Akasema hilo si jibu, ni kulia. Nikanyamaza.

Mtu wa fedha alipendekeza waongeze mabenchi.

Tulipofika ni hapa. Wodi ya wanaume imekubali mgonjwa mmoja wa ziada kwa korido kila asubuhi, kwa majaribio, na kwa sharti kwamba daktari wao anapiga raundi fupi ya kuruhusu watu kabla ya saa nne, kila siku, na Jumamosi pia. Wodi ya wanawake wamekataa mpaka waletewe muuguzi mwingine wa usiku, na nikiwa mkweli wako sawa, nimeandika barua ya kuwaunga mkono. Uhasibu watafungua dirisha Jumamosi hadi saa saba mchana. Suala la wale wa bili limeundiwa kamati, mimi si mwanachama.